Futa data kabla simu au kompyuta haijavuka mlango

Simu kuukuu ikifika kwenye meza za mafundi wa Mutaasa Kafeero au William Street jijini Kampala, mara nyingi haibaki nzima. Kioo huenda kwa mteja mmoja, kamera kwa mwingine, na bodi hutiwa kwenye boksi ikingoja simu nyingine ya aina hiyo. Ndani ya bodi hiyo ndimo zilimo picha zako, ujumbe wa benki, picha ya kitambulisho cha taifa uliyowatumia watu wa mkopo, na pengine majibu ya kliniki. Laptopu nayo hubadilishwa kwa nyingine kwa kuongeza hela, hupewa mtoto wa ndugu anayeingia Makerere, kisha huuzwa tena. Hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye sababu ya kukufutia vyako.

Kabla ya kubonyeza chochote, jua data imekaa kwenye kitu cha aina gani. Diski inayozunguka, SSD (diski ya chipu isiyozunguka), memori kadi na kumbukumbu ya simu havifutwi kwa njia moja, na watu wengi hukosea hapo: huchukua dawa ya kimoja wakaitumia kwa kingine.

Kinachobaki ukishafuta

Ukifuta faili, kompyuta haigusi yaliyomo. Huondoa tu jina la faili kwenye orodha yake na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi. Maneno na picha hukaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka ni hivyohivyo, ila orodha nzima ndiyo inayoanzishwa upya. Programu ya bure kama PhotoRec haisomi orodha hiyo kabisa. Hupita diski kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa picha, hati na video, kisha huzitoa nje. Haihitaji utaalamu. Mwaka 2003 watafiti Simson Garfinkel na Abhi Shelat walichapisha matokeo ya kuchunguza diski 158 zilizokwisha tumika. Kati ya 129 zilizokuwa bado zinafanya kazi, 12 tu zilikuwa zimefutwa sawasawa, na katika nyingine walikuta zaidi ya namba 5,000 za kadi za mkopo.

Data huondoka kweli kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuandika kitu kingine juu ya kila sehemu ya diski. Ya pili ni kusimba data tangu mwanzo, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo, kisha kuuharibu ufunguo wake, ili kinachobaki kiwe takataka isiyosomeka. Ya tatu ni kuvunja chombo chenyewe. Maelezo yote yanayofuata yanatoka kwenye hizo tatu.

Hamisha kwanza, na usifute picha kwa mkono

Nakili unachotaka kubaki nacho. Kupandisha gigabaiti 20 za picha mtandaoni kwa kifurushi cha data ni gharama, kwa hiyo tumia waya: simu hadi laptopu, au simu ya zamani hadi mpya. Kisha fungua picha kadhaa, hati moja na mazungumzo ya WhatsApp kwenye kifaa kipya uone kama vinafunguka. Nakala ambayo haijafunguliwa haihesabiki.

Mambo mawili husahaulika sana. La kwanza ni programu ya kutoa misimbo ya kuingilia kwenye akaunti, kama Google Authenticator: ihamishe kabla, la sivyo utajifungia nje ya akaunti zako mwenyewe. La pili ni memori kadi na laini. Simu nyingi zinazouzwa Kampala zina nafasi ya laini mbili na memori kadi moja, na kufuta simu hakugusi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Vitoe vyote kwa mkono.

Halafu jihadhari na kosa hili: usikae ukafuta picha na namba za simu moja moja huku akaunti yako ya Google au iCloud bado imo ndani. Ufutaji huo husafiri hadi mtandaoni na kurudi kwenye simu yako mpya, nako picha huondoka pia. Toka kwenye akaunti kwanza, ndipo uifute simu nzima kwa mpigo mmoja.

Simu za Android

Fuata mpangilio huu, na usiruke hatua ya pili.

1. Chaji simu ifike angalau asilimia 50, na iache kwenye chaja.
2. Ingia Mipangilio, sehemu ya akaunti, uondoe kila akaunti ya Google. Kwenye Samsung ondoa pia akaunti ya Samsung, na kwenye Xiaomi akaunti ya Xiaomi.
3. Ondoa namba ya siri ya kufungulia kioo.
4. Ingia Mipangilio, kisha Mfumo, kisha sehemu ya kurejesha, uchague kufuta data yote na kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani. Kwenye simu yenye eSIM, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu, utaulizwa kama nayo ifutwe. Kubali, lakini hakikisha kwanza namba hiyo umeihamishia simu mpya.
5. Simu ikiwaka tena, ipeleke mpaka ukurasa wa kuingiza akaunti. Kama haidai akaunti ya zamani, umemaliza. Izime hapo.

Ukiruka hatua ya pili ukaifuta simu kwa vitufe vya sauti na kuwashia, kinga ya Google iliyoingia na Android 5.1 itaamka na kudai akaunti ya mwisho iliyotumika. Mnunuzi atakupigia akitaka neno lako la siri. Usimpe. Mwambie airudishe simu mikononi mwako uingie mwenyewe, kisha ubadilishe neno la siri mara tu kazi ikiisha. Akikosa msaada wako ataipeleka kwa fundi wa kuvunja kufuli, na hapo hujui tena simu iko kwa nani.

Je, kurudisha simu kiwandani kunatosha? Jibu linategemea kama simu husimba data zake. Zilizotoka na Android 10 na kuendelea, mwaka 2019 hadi leo, zinalazimika kusimba, kwa hiyo kuzirudisha kiwandani huharibu ufunguo na mambo yamekwisha. Nyingi zilizotoka na Android 6 hadi 9 pia husimba, lakini Google iliziruhusu simu zenye prosesa dhaifu kuacha. Simu za bei ya chini za miaka ile ndizo zilizoangukia humo, na ndizo zilizojaa kwenye droo za watu. Angalia Mipangilio, sehemu ya usalama, palipoandikwa kuhusu usimbaji: pakisema simu imesimbwa, endelea na hatua tano za juu.

Kama haijasimbwa na kuna kitufe cha kuisimba, kibonyeze. Simu nyingi zitadai betri iwe asilimia 80 au zaidi na chaja iwe imechomekwa, na kazi inaweza kuchukua saa moja au zaidi. Ikiisha, ondoa akaunti, rudisha kiwandani.

Kama hakuna kitufe hicho, jaza kumbukumbu. Rudisha simu kiwandani bila kuingiza akaunti yoyote, iunganishe na laptopu kwa waya, unakili faili kubwa zisizo na maana (filamu moja ya gigabaiti 2 iliyonakiliwa mara nyingi kwa majina tofauti inatosha) mpaka simu ilalamike kwamba imejaa. Rudisha kiwandani tena. Usipokuwa na laptopu, rekodi video ya ukuta kwa ubora wa juu kabisa. Kwenye simu ya gigabaiti 32, video ya Full HD itachukua saa tatu na zaidi kuijaza, na simu itapata joto, kwa hiyo iweke mahali penye hewa. Njia hii haifiki kwenye vipande vya akiba ambavyo chipu huvificha, lakini mtu mwenye programu ya kurejesha faili hatapata kitu cha maana.

iPhone

Hapa kazi ni nyepesi, kwa sababu tangu iPhone 3GS ya mwaka 2009 data husimbwa na chipu yenyewe. Ingia Mipangilio, bonyeza jina lako juu, toka kwenye iCloud na uzime huduma ya kutafuta simu. Itadai neno la siri la Apple. Kisha, kwa iOS 15 na kuendelea, ingia sehemu ya jumla, nenda chini hadi palipoandikwa kuhamisha au kurejesha iPhone, uchague kufuta yaliyomo yote na mipangilio. Kwa dakika chache ufunguo huharibiwa. Ikiwaka inakusalimu kwa lugha mbalimbali kama mpya. Ikionyesha herufi za barua pepe yako na nyota nyota, bado imefungwa kwenye akaunti yako: ingia iCloud kwenye kompyuta uiondoe kwenye orodha ya vifaa.

Katochi na laini

Usiidharau katochi, ile simu ndogo ya vitufe. Hakuna kinachosimbwa humo, na ujumbe wa miaka mingi wa mobile money, pamoja na majina ya watu na salio, unasomeka na yeyote. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kurudisha simu kiwandani. Kwenye Nokia nyingi za zamani namba ya usalama ni 12345 kama hukuibadilisha. Baada ya hapo fungua mwenyewe orodha ya majina, ujumbe na picha uhakikishe, kwa kuwa baadhi hurudisha mipangilio tu na kuacha ujumbe. Katochi ya bei ndogo haifai kuhangaikiwa zaidi: itoe betri, vunja bodi.

Pesa za mobile money hazikai kwenye simu wala kwenye laini. Zipo kwenye mitambo ya kampuni, zimefungwa kwa namba yako. Kama unaendelea na namba hiyo, hamisha laini tu. Kama unaiacha namba kabisa, toa salio lote kupitia *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel, kisha badilisha namba hiyo benki, kwenye Gmail, kwenye WhatsApp na popote pengine ilipo. Namba iliyolala huchukuliwa na kampuni na kuuzwa kwa mtu mwingine, na msimbo wa kuingilia akaunti yako utaanza kumfikia yeye. Laini unayoitupa ikate kwa mkasi ukipita katikati ya ile chipu ya rangi ya dhahabu. Kukata plastiki ya pembeni hakufanyi kitu.

Kompyuta: tambua diski kwanza

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, bonyeza diski. Utaona imeandikwa HDD, yaani diski inayozunguka, au SSD. Baadhi ya laptopu zina zote mbili, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika.

Kazi hii itaongezeka kwa sababu msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zinabadilisha mashine. Njia ya haraka kwa mtu wa nyumbani ni ile iliyomo ndani ya Windows: Mipangilio, Mfumo, Kurejesha, kisha "Reset this PC". Chagua "Remove everything", na kabla ya kuendelea bonyeza kubadilisha mipangilio uwashe kufuta kwa usafi. Bila kuwasha hiyo, faili huondolewa kijuujuu tu na PhotoRec itazirudisha. Microsoft wenyewe wanasema njia hii ni ya matumizi ya nyumbani na haifikii viwango vya serikali na viwanda, kwa hiyo isitumiwe kwa mashine ya SACCO, kliniki au shule.

Tahadhari moja ya kwetu: umeme. Kufuta kunachukua saa kadhaa, na laptopu yenye betri iliyokufa ikizimika katikati hukataa kuwaka huku sehemu kubwa ya data ikiwa bado imo. Mtu huona skrini nyeusi akadhani imefutika, akaiuza. Tumia betri nzima au UPS, na mashine iliyokatika katikati ifute tena kuanzia mwanzo kwa flashi, kama ifuatavyo.

Diski inayozunguka

Diski ya namna hii hufutwa kwa kuandikwa juu yake mwanzo hadi mwisho. Mara moja inatosha. Bado wako wanaodai mara 7 au mara 35; ile 35 ilitoka kwenye makala ya mtafiti Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyohusu aina za diski ambazo hazipo tena, na yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba watu waliielewa vibaya. Mwongozo namba 800-88 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unakubali mara moja kwa diski za kisasa. Kurudia mara saba ni kulipa umeme tu.

Chukua ShredOS, programu ya bure inayowaka yenyewe kutoka kwenye flashi. DBAN ya zamani, ambayo miongozo mingi bado inaitaja, haijaendelezwa tangu 2015 na haifai kwa SSD. Iweke ShredOS kwenye flashi kwa kutumia Rufus au balenaEtcher. Zima kompyuta, chomoa diski zote za nje, na ndani ya kompyuta ya mezani chomoa waya wa diski yoyote usiyotaka kuifuta. Hatua hiyo fanya hata kama unajiamini, maana programu hii haina huruma na haina kurudi nyuma. Washa huku ukibonyeza F12 (Dell, Lenovo) au F9 (HP), uchague flashi. Ikikataa kuwaka, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla ya Windows kuwaka, uzime Secure Boot.

Itakuja orodha ya diski zenye ukubwa na namba ya utambulisho. Linganisha namba hiyo na iliyobandikwa kwenye diski. Chagua kwa kitufe cha nafasi, bonyeza M uchague kujaza sifuri, washa uhakiki wa mwisho, kisha Shift na S kuanza.

Muda unaweza kuukadiria. Kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, diski ya gigabaiti 500 huchukua kama saa moja na nusu, na ya terabaiti 1 karibu saa tatu. Uhakiki huongeza muda kama huohuo. Ukiifuta kwa waya wa USB 2.0 unaobeba kama megabaiti 30 kwa sekunde, zile gigabaiti 500 zitakula saa nne na nusu. Kasi ikishuka ghafla au makosa yakitokea kwenye skrini, diski ina sehemu mbovu. Sehemu hizo diski huzitenga zenyewe na hakuna programu inayozifikia, nazo huenda zina data. Diski ya hivyo usiiuze. Ivunje.

SSD si diski ndogo ya kawaida

SSD huamua yenyewe mahali pa kuandika. Ukiiambia iandike juu ya sehemu fulani, huandika mahali pengine na kuiacha ile sehemu ya zamani isubiri kusafishwa, tena ina akiba ya nafasi ambayo kompyuta haiioni kabisa. Ndiyo maana kujaza sifuri hakuaminiki hapa, na pia huichosha bure. Inayofaa ni amri inayoiambia SSD ijisafishe yenyewe.

Anza na BIOS. EliteBook na Latitude zilizotumika, ambazo ni nyingi sana madukani Kampala, huwa nayo humo: HP huiita "Secure Erase" na Dell "Data Wipe". Huchukua dakika chache.

Isipokuwepo, washa Linux yoyote kutoka kwenye flashi, fungua dirisha la amri, andika `lsblk` uione diski. Kwa SSD ya aina ya NVMe, ile nyembamba kama ubao mdogo, baada ya kuingia kama msimamizi:

`nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1`

Kwa SSD ya SATA, ya inchi 2.5:

`hdparm -I /dev/sda`
`hdparm --user-master u --security-set-pass pasi /dev/sda`
`hdparm --user-master u --security-erase pasi /dev/sda`

Amri ya kwanza ni ya kuangalia tu. Mwishoni tafuta "not frozen". Ikisema "frozen" bila "not", BIOS imeifunga. Laza laptopu usingizini, iamshe, utazame tena. Badilisha `sda` iwe jina uliloliona kwenye `lsblk`. Neno "pasi" ni nywila ya muda: iandike kwenye karatasi, kwa sababu umeme ukikatika kati ya amri ya pili na ya tatu diski itabaki imefungwa kwa nywila hiyo, na utahitaji `--security-unlock` kisha `--security-disable` pamoja nayo kuifungua. Usifanye kazi hii kupitia kibadilishi cha USB. Vingi havipitishi amri hizi, na vingine huziharibu njiani.

Ukiona amri zinakutisha, ipo njia ya kati kwa wenye Windows Pro: washa BitLocker, huduma ya Windows ya kusimba diski, kwa diski nzima, si sehemu iliyotumika tu, subiri imalize, kisha rudisha mashine ilivyotoka kiwandani. Mac zenye chipu ya T2 au M1 na kuendelea hufutwa kama iPhone, kutoka kwenye mipangilio, kuanzia macOS 12.

Flashi na memori kadi

Fomati kamili, si ya haraka. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike, kama flashi ni E:

`format E: /fs:exFAT /p:1`

Kwa kadi ya gigabaiti 32 yenye mwendo wa pole jiandae kungoja nusu saa au zaidi. Kadi za bandia zinazodai gigabaiti 512 huku ndani zina 16 zitakudanganya hata hapa. Thamani yake ni ndogo; ivunje tu.

Hakiki

Pakua PhotoRec, ielekeze kwenye diski nzima, si kwenye sehemu moja, uiache ipite. Kwenye diski iliyojazwa sifuri inapaswa kumaliza bila kupata faili hata moja. Ikitoa hata picha moja ya harusi ya shangazi, rudia kazi.

Kifaa kilichokufa

Hiki ndicho kinachovujisha data kuliko vyote. Mtu husema simu haiwaki, basi haina kitu, akaitoa kwa fundi kwa bei ya spea. Kioo kimekufa, kumbukumbu ni nzima. Kama simu inatetemeka au kuita, jaribu kuifuta kwa mbali kwa huduma ya Google au Apple ya kutafuta simu, ilimradi ina mtandao. iPhone unaweza kuichomeka kwenye kompyuta na kuirejesha upya kwa vitufe hata bila kioo. Yote yakishindikana, mwambie fundi atoe bodi mbele yako. Uza kioo, kamera na kava; bodi irudi nayo nyumbani.

Kuvunja bodi: toa betri kwanza, kwa ulimi wa plastiki na bila kuikunja. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka, na moto wake hauzimiki kwa urahisi. Chipu ya kumbukumbu ni mraba au mstatili mweusi karibu na prosesa, mara nyingi chini ya kifuniko cha bati. Usipoijua, piga nyundo chipu zote kubwa mpaka zipasuke. Kwenye SSD piga kila chipu nyeusi, pande zote mbili za ubao. Kutoboa ubao kwenye nafasi iliyo kati ya chipu na chipu hakusaidii.

Diski ya inchi 3.5 hufunguliwa kwa bisibisi ya nyota ya T8, na skrubu moja hujificha chini ya lebo. Ukiwa na drili, toboa matundu matatu ya milimita 8 hadi 10 yanayopita kwenye sahani za ndani. Diski ya laptopu mara nyingi ina sahani za kioo zinazolipuka vipande: vaa miwani na glovu, ifunge kwenye gunia kisha uipige. Sumaku ya spika haifuti kitu, maji hayafuti kitu, na kuchoma moto kunawapa majirani moshi wa sumu.

Vinavyopitwa

Mashine kubwa za fotokopi za ofisini, zikiwemo zile zinazofika Wandegeya na Nasser Road zikiwa zimeshatumika ng'ambo, nyingi zina diski ndani inayoweza kuhifadhi kila ukurasa uliopita; tafuta kwenye menyu ya msimamizi sehemu ya kufuta kumbukumbu yote, au toa diski. Kinasa cha kamera za ulinzi kina diski ya kawaida ya inchi 3.5. Runinga janja: toka YouTube na Netflix, kisha rudisha kiwandani. Ruta na MiFi: shikilia tundu la kurejesha kwa pini, sekunde 10 au zaidi.

Kwa ofisi, na mahali pa kupeleka

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka data binafsi isiyohitajika tena iharibiwe kwa namna isiyoweza kurejeshwa ikasomeka. Lakini usikimbilie: kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka mitano, kwa hiyo mhasibu athibitishe kabla diski ya ofisi haijafutwa. Weka daftari la kila diski: namba ya utambulisho, tarehe, njia iliyotumika, aliyefuta na aliyehakiki. Kumwachia mnunuzi wa chakavu afute ni kosa lililoigharimu Morgan Stanley faini ya dola milioni 35 mwaka 2022, baada ya kampuni ya kuhamisha mizigo iliyopewa kazi hiyo kuuza vifaa vikiwa na data za wateja.

Vilivyovunjwa visitupwe na taka za nyumbani. Mpe mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, na uombe kuiona hiyo leseni pamoja na stakabadhi yenye namba za vifaa. Betri zipeleke peke yake, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe wa gundi. Iliyovimba iweke kwenye kopo la mchanga mkavu, mbali na jua, mpaka siku ya kuipeleka.